Sura Moja, Kisha Sindano

Pale masjala ya ofisi ya ardhi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Bi Viraka, na yeye alizoea kiasi kwamba siku moja mkutanoni, alipotajwa kwa jina lake kamili, aligeuka nyuma kuangalia ni nani huyo anayeitwa haitiki. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mwembamba, na mkono mmoja wa miwani yake ulishikiliwa kwa uzi mweusi. Kazi yake ilikuwa majalada: kuyapokea, kuyaandika kwenye rejista, kuyafunga kamba na kuyarudisha kwenye makabati ya chuma. Lakini droo ya chini ya meza yake haikuwa na jalada hata moja. Humo mlikuwa na kitabu cha hadithi cha maktaba na mfuko wa vitambaa vilivyokatwa vipande vya mraba. Wenzake wakitoka kwenda kula mchana, yeye alikula pale pale mezani haraka haraka, akafuta mikono, akafungua kitabu.

"Wewe Bi Viraka, utakufa umeinama hivyo hivyo," mhudumu wa ofisi alimwambia kila alipopita kukusanya vikombe.

"Afadhali nife nimeinama," alimjibu bila kuinua macho, "kuliko nife sijui huyu bwana alirudi kwa mkewe au hakurudi."

Saa tisa na nusu alifunga droo kwa ufunguo akaenda nyumbani kwa miguu. Nyumbani maana yake ilikuwa vyumba viwili, jiko, baraza ya nyuma iliyoezekwa mabati, na dada yake.

Dada huyo alimzidi miaka tisa. Mama yao alipougua ugonjwa wa kulala kitandani, mkubwa alikuwa darasa la pili, na huyu mdogo hata meno hakuwa ameota. Baba yao alisema lazima mmoja abaki nyumbani, na kwa kuwa wa kubaki alikuwa mmoja tu mwenye miguu, mjadala ukaishia hapo. Msichana akaweka daftari juu ya kabati, akambeba mdogo wake mgongoni, akasema anapumzika shule kwa muda. Muda huo haukuisha. Mama alifariki baada ya miaka minne, na wakati huo binti alikuwa mrefu kuliko madawati ya darasa la pili, akaona haya kurudi. Badala yake alimpeleka mdogo wake shule, akamsubiri getini, akamfulia sare, akamuuliza kila jioni: "Leo mmefundishwa nini?" Alipokuwa mkubwa alipata kazi ya kupika kwenye bweni la shule ya wasichana, akaifanya miaka ishirini na saba. Alikoroga masufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani yake, na mkono wake wa kulia ukabaki mnene kuliko wa kushoto.

Alizaa mtoto mmoja, wa kike. Mtoto aliishi miaka mitatu, kisha homa ya siku mbili ikamchukua. Hakuzaa tena, na baba wa mtoto alipokuja kutaka kuposa alimwambia amechelewa.

Bi Viraka naye aliolewa na mpima viwanja, wakakaa miaka minane, na ndoa ikafa bila kelele, kama taa iliyoishiwa mafuta. Akarudi kwa dada yake na sanduku moja la nguo na makasha mawili ya vitabu. Dada alimpokea mlangoni, akamtazama juu mpaka chini.

"Kitanda chako kipo," akasema. "Hivyo vitabu viache nje kwanza, nivipulizie dawa ya mende."

Ni katika mwaka huo wa kurudi ndipo alipoanza kushona mifarishi. Maktaba ilikuwa na kitabu kikuukuu chenye picha za mablanketi yaliyoungwa kwa vipande vya nguo, akakiazima mara sita mfululizo. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alikuwa akitupa mabaki ya vitambaa, naye akaanza kumwekea kwenye gunia. Bi Viraka hakushona ili auze. Alishona kwa sababu mikono yake ilitaka kazi, na kwa sababu kila kipande kilichokaa vizuri kando ya mwenzake kilimtuliza. Hakuwa na cherehani wala hakuitaka. Alitumia sindano, tondoo ya chuma kwenye kidole, na uzi aliousugua kwa nta ya mshumaa usije ukajifunga mafundo.

Dada alimsaidia kukata. Mkono ule uliokoroga masufuria ulishika mkasi kwa namna ya ajabu. Aliweka kipimo cha kadibodi juu ya kitambaa, akapiga chaki, akakata, na vipande mia vilitoka vyote sawa, huwezi kujua kipi ni cha kwanza na kipi cha mwisho. Vya mdogo wake vilienda upande.

Wakajiwekea utaratibu. Kila siku baada ya kazi walikaa barazani nyuma, mwanga ukiwa bado mzuri. Bi Viraka alisoma sura moja kwa sauti huku dada akikata. Sura ikiisha, kitabu kilifungwa, sindano ikatolewa, na mmoja akashona huku mwingine akiwagombeza watu wa kwenye hadithi. "Sura moja, kisha sindano," dada alisema, na hakukubali mbili hata siku ya mvua.

"Huyu mwanamke ni mjinga," dada alikuwa akisema. "Mwanamume kamdanganya mara tatu, bado anampigia pasi mashati."

"Anampenda, Dada."

"Ampende mashati yakiwa na makunyanzi."

Kwa miaka kumi na minane walisoma hivyo. Katika muda huo wote Bi Viraka aliwahi mara mbili tatu kusema, "Dada, nikufundishe kusoma? Herufi si nyingi." Dada alijibu, "Tutaangalia," naye akaridhika upesi mno. Ukweli ni kwamba alipenda kuwa yeye ndiye mlango ambao hadithi zilipitia kuingia ndani ya nyumba ile. Hilo alikuja kulikiri baadaye sana.

Kuna jambo jingine alilolifanya. Mwaka wa pili wa kusoma kwao, walifika kwenye kitabu ambamo mtoto mdogo anaugua homa, na katika sura ya mwisho anakufa. Bi Viraka hakujua kama kitakwenda hivyo. Alikuwa akikisoma kwa mara ya kwanza sawa na dada yake. Alipomaliza, dada aliweka mkasi chini, akaingia chumbani, na kwa siku mbili hakula kitu wala hakusema neno. Tangu hapo Bi Viraka akaapa. Kitabu kipya alikisoma chote kwanza ofisini, wakati wa chakula. Akikiona kinafaa, alikipeleka nyumbani kikakaa barazani juu ya meza mpaka kiishe. Na kama kuna mtu anakufa humo ambaye dada angemlilia, Bi Viraka alimwokoa.

Alifanya hivyo kwa ufundi. Aliangalia ukurasa, macho yakipita kwenye maneno ya kifo, na kinywa chake kikasema mengine. Mwashi aliyefukiwa kisimani alitolewa akiwa na kidonda tu cha goti. Mwalimu mzee aliyehukumiwa kunyongwa alisalimika kwa sababu karani alipiga muhuri mahali pasipostahili, na barua ikarudishwa mara mbili. Mambo hayo Bi Viraka aliyajua kuliko mwandishi. Mara moja tu alijitia kitanzi. Alimponya nahodha aliyekufa, kumbe kuna kitabu cha pili kinachoanza na kaburi la nahodha yule. Ikambidi amtafutie pacha.

"Pacha?" dada aliuliza, mkasi ukisimama hewani. "Mbona kitabu cha kwanza kizima hakutajwa?"

"Alikuwa safarini."

Dada alimtazama kitambo. "Haya," akasema, akaendelea kukata.

Dada alipostaafu, alikutwa na shinikizo la damu, lile ambalo watu huita presha. Akapewa kadi na siku ya kliniki. Miaka ikaenda. Jumatatu na Jumatano asubuhi alivaa gauni lake la bluu, akachukua mkoba, akaaga kwamba anakwenda kliniki.

"Kliniki gani hiyo ya mara mbili kwa wiki?" Bi Viraka aliwahi kuuliza huku akivaa viatu.

"Tunafundishwa mazoezi," dada alijibu. "Wewe nenda kazini."

Alikwenda kazini. Dada alionekana mzima, mchangamfu, ana hadithi za wenzake wa huko mazoezini, na mtu aliyechangamka haulizwi sana.

Ilikuwa Ijumaa jirani alipopiga simu ofisini. Dada alikuwa ameanguka jikoni. Alipofikishwa hospitali, upande wa kulia ulikuwa hausikii amri, na ulimi ulikuwa mzito. Alitoa sauti, lakini maneno hayakuja. Bi Viraka aliomba ruhusa akakaa naye wodini kuanzia saa ya asubuhi ya kuona wagonjwa hadi jioni walipofukuzwa. Siku ya pili alikwenda na kitabu walichokuwa wamefika katikati. Akavuta kiti, akamwambia, "Sura moja, Dada. Sindano nimeiacha nyumbani."

Alipokuwa akisoma, dada aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akauweka juu ya ukurasa. Kidole kilitambaa polepole juu ya mstari. Bi Viraka alidhani amechoka, anataka kimya.

"Basi, basi, pumzika," akasema, akafunga kitabu.

Dada alifumba macho. Chozi moja lilitoka upande wa jicho la kushoto, likaingia sikioni. Bi Viraka alilifuta kwa kona ya shuka. Asubuhi iliyofuata, alipokuwa kwenye bomba la nje akiosha chupa ya chai, muuguzi alimfuata taratibu, akamshika bega. Aliposhikwa bega alijua.

Walimzika. Watu walikuja, wakakaa, wakasema maneno yanayosemwa, wakaondoka. Wiki ya tatu, Jumamosi, Bi Viraka akiwa barazani na mikono mapajani, mlango wa mbele ulibishwa. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye vumbi jeupe kwenye pindo la gauni, amekumbatia bahasha nene.

"Dada, samahani," mgeni alisema. "Pole na msiba. Mimi ni mwalimu wa darasa la watu wazima, pale ukumbini nyuma ya zahanati. Marehemu alikuwa kiranja wetu."

"Umekosea nyumba, mwalimu. Dada yangu hakujua kusoma."

Mwalimu alisimama pale mlangoni kama mtu aliyekanyaga kitu. "Hakukwambia," akasema mwishowe. "Hata alipojua kusoma, hakukwambia."

Aliingia, akakaa kwenye kiti cha dada bila kujua ni cha nani, akafungua bahasha. Mlikuwa na madaftari saba. La kwanza lilikuwa herufi tu, kubwa na zenye kulegea, kurasa kwa kurasa. La saba lilikuwa mwandiko ulionyooka, kila neno sawa na jingine, kama vipande vilivyokatwa kwa kadibodi.

"Jumatatu na Jumatano," Bi Viraka alisema.

"Miaka mitano. Hakuna niliyemfundisha akasoma vizuri kama yeye. Mwaka wa tatu aliviacha vitabu vyangu akaanza vyako. Ukienda kazini anavuta kiti hapo nyuma, anarudia sura uliyomsomea jana, halafu anaendelea mbele peke yake. Alisema kazi ngumu ni kurudisha alama pale pale ulipoiacha, usije ukagundua."

Bi Viraka alihisi uso unamwaka moto. Akauliza, "Aliendelea mbele mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho." Mwalimu aliinamisha kichwa, lakini tabasamu lilimshinda. "Alikuwa akifika darasani anasema, 'Jamani, mdogo wangu kamfufua mwingine.' Darasa zima tunaangua kicheko. Yule pacha wa nahodha, ile alitusimulia wiki nzima. Wazee wale walimpenda pacha kuliko nahodha mwenyewe."

Bi Viraka naye alicheka. Kicheko kilitoka bila ruhusa, kikageuka kilio, na mwalimu akamwachia alie bila kumgusa.

"Mbona hakuniambia?" aliuliza alipoweza.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, 'Nikimwambia najua, atanipa kitabu mkononi aende zake kushona. Mimi nataka kusomewa.' Siku nyingine akasema, 'Ule mwisho wa kitabuni nausoma asubuhi, nalia, nanawa uso. Jioni nasikiliza wa kwake.'"

Mwalimu alipoondoka, Bi Viraka alibaki na madaftari. Aliyasoma yote mpaka jua likazama, na aliyemjia akilini hakuwa dada wa barazani bali yule wa wodini: kidole kilichokuwa kikitambaa juu ya mstari, na yeye akisema basi, basi. Kilikuwa kikisoma. Ndicho kitu pekee ambacho dada yake bado aliweza kumwambia, naye alikifungia ndani ya kitabu.

Siku chache baadaye, akitafuta cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya makaratasi ya msiba, alivuta mkoba ule wa kliniki kutoka juu ya kabati. Ndani kulikuwa na penseli mbili, kichongeo, na kadi ya presha. Aliipindua. Ni kazi yake kusoma mihuri na tarehe. Macho yalikwenda yenyewe. Zamani kliniki ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na mihuri imefuatana vizuri. Kisha mtu wa zahanati alikata neno Alhamisi kwa kalamu nyekundu akaandika Jumatano. Baada ya hapo mna mihuri miwili. Baada ya hiyo miwili, miezi kumi na moja mitupu.

Alikaa kitandani kwa dada na kadi ile mkononi. Alijaribu kukasirika, akatafuta wa kumkasirikia. Angemkasirikia mwalimu, lakini mwalimu hakujua. Angemkasirikia dada, lakini dada alikuwa amesubiri tangu darasa la pili. Akabaki yeye, ambaye angeweza kukaa naye barazani jioni yoyote kati ya jioni za miaka kumi na minane, akamwonyesha herufi zenyewe si nyingi, na Jumatano ikabaki kuwa siku ya daktari. Hakulia. Aliirudisha kadi ndani ya mkoba, mkoba ndani ya sanduku, na sanduku akalifunga.

Mwezi uliofuata alikwenda ukumbini kurudisha kitabu cha darasa alichokikuta kati ya vitambaa. Wanafunzi walikuwa wametoka. Mwalimu alikuwa akifuta ubao, na alipomwona aliweka kifutio chini, akaja mpaka karibu sana.

"Dada, nilitaka nikuulize tangu siku ile, nikaogopa. Nimesikia kliniki ya presha nayo siku hizi ni Jumatano. Yeye Jumatano alikuwa hapa. Sikosi usingizi kwa jambo jingine ila hili. Alikuwa anakwenda kwa daktari?"

Bi Viraka aliweka kitabu juu ya meza, akakinyoosha kona.

"Alikuwa anakwenda," akasema. "Walimbadilishia siku kwa sababu ya umri wake. Ijumaa. Hakukosa hata moja."

"Kweli?"

"Kadi yake ninayo mimi. Nimeiona kwa macho yangu."

Mwalimu alishusha pumzi ndefu, akakaa kwenye dawati la mbele, akafunika uso kwa mikono yenye chaki. Bi Viraka alimwekea mkono begani kidogo, kisha akaaga, akatoka nje kwenye jua kali, akatembea mpaka kituoni bila kukumbuka kwamba nyumbani kwake hakuhitaji gari.

Kwa miezi mingi hakuazima kitabu. Aliporudi maktaba, alisoma ofisini tu, kimya, akavimaliza vitabu haraka mno, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsimamisha na kumuuliza huyu kwa nini kafanya vile. Mfarishi waliouacha katikati alijaribu kuuendeleza. Vipande alivyokata dada viliisha, akakata vyake, vikaenda upande, akafumua, akakata tena. Mwishowe aliukunja akauweka kwenye kasha, akaanza mwingine mdogo, wa rangi mbili, usiotaka kipimo kigumu.

Mwanzoni mwa mwaka alimkaribisha binti anayesomea uuguzi, akampa kile chumba cha dada. Binti ni msafi, ana heshima, humwita shangazi, na jioni hukaa naye barazani akiosha vyombo vyake, redio ndogo ikizungumza pembeni juu ya mambo ya mbali.

"Shangazi, nizime?" huuliza akimwona ameinamia kitambaa. "Labda inakusumbua."

"Iache," Bi Viraka humjibu, akitafuta tundu la sindano. "Iache iseme."